Bwana Mabega Alipofungua Geti

Siku ninayotaka kukuhadithia, mwanangu, ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya laasiri, nyumbani kwetu Matrah, huku Omani. Ngoja kwanza niwataje waliokuwepo, maana hadithi isiyotajwa watu wake mie huwa siisadiki, na sitaki na wewe unisadiki bure. Alikuwepo bibi yangu mzaa baba, Bi Thuweiba, ndiye mkubwa wa nyumba. Alikuwepo mama yangu, Bi Moza. Alikuwepo Bi Zamzam, mke wa ami yangu, na mwanawe Suleiman kamlaza mapajani, bado hajaanza kutambaa. Alikuwepo jirani yetu Bi Gulnar, Mbulushi, mke wa Mzee Dadu aliyekuwa akitengeneza taa sokoni. Nilikuwepo mie, Rahma, msichana nishavaa buibui lakini sijaposwa. Na nyuma ya pazia la chumba cha ndani alikuwepo Ami Seif, mdogo wake baba yangu, kalala chali kwenye mkeka, anatusikia, na sisi tunajua kwamba anatusikia. Baba yangu yeye alikuwa kesha kufariki kabla hatujahama Unguja, Mungu amrehemu.

Tulikuwa tunashona kofia. Kofia hizi hizi za vitundu unazoziona leo vichwani mwa watu wakubwa maofisini, sisi ndizo zilizotulisha miaka ile. Tulipotoka Unguja mwaka ule wa mambo, mwaka wa mapinduzi, kila mtu alishika alichoweza, na bibi alishika sindano zake, akasema hizi hazina uzito. Basi tukishona kutwa, na Bi Gulnar akija alasiri na kazi yake mwenyewe ya kudarizi, anakaa na sisi. Yeye Kiswahili hajui, bibi Kiarabu chake cha kuombea dua tu, na mie nilikuwa mwepesi wa ulimi, nikawa katikati nawapelekea maneno huku na huku.

Sasa nikwambie kwa nini siku ile nyuso zilikuwa zimetuinama. Kesho yake, Jumamosi asubuhi, Khalfan kaka yake Bi Zamzam alikuwa anakuja kutoka Qurayyat kumchukua dada yake. Kumchukua kabisa, na mtoto. Khalfan alirudi Omani zamani kabla ya sisi wote, ana mashua yake na mitende yake, na alikuwa ameshatuma maneno mara mbili: dada yangu hawezi kulishwa kwa sindano ya mama mkwe wake na mumewe mzima amelala. Na mara hii alisema akija hatoki mikono mitupu, na talaka ataiomba mwenyewe. Furushi la Bi Zamzam lilikuwa lishafungwa, liko pale mlangoni. Hakulia. Alikuwa anashona kofia ya mtu mwengine kama kawaida, ila uzi ulikuwa unamkatikia kila mara.

Usimuone Ami Seif mvivu, mwanangu. Ami Seif alikuwa na kazi yake, tena kazi ya fahari. Unguja alikuwa opareta wa sinema, ndiye aliyekuwa akipitisha picha. Mtu wa shati jeupe na nywele za mafuta. Picha ikikatika, ukumbi mzima unapiga mbinja na kumwita kwa jina lake, Seif, Seif, na akishaiunga, ukumbi mzima unampigia makofi. Siku za zanana, yaani siku za wanawake peke yao, yeye ndiye mwanamme pekee katika jengo lile, kafungiwa juu kwenye kijichumba chake, na sisi chini tumevua mabuibui tumejaa na njugu zetu na watoto wetu. Bi Zamzam alinambia siri yake siku moja: kabla hajamuona sura alikijua kikohozi chake. Kila picha ikianza, kile kidirisha cha juu kinakohoa. Alipoposwa naye aliuliza, ndiye yule anayekohoa? Akaambiwa ndiye. Akakubali.

Basi mtu huyo ukimleta Matrah ya miaka ile utamweka wapi? Sinema hakuna. Si Matrah, si Maskati, si popote. Na yeye hakutaka kusikia kazi nyengine. Kila akiulizwa husema, itafunguliwa tu, nchi haiwezi kukaa bila ya sinema, na siku itakapofunguliwa watanitafuta mie. Mwaka ukapita, na wa pili ukaingia.

Na liko jengine ambalo hakulisema, lakini mie nalijua maana nilikuwa naye. Mwanzo mwanzo tulipofika alinichukua sokoni kununua sukari. Akamwambia mwenye duka maneno yake kwa Kiarabu cha vitabuni alichofunzwa chuo cha Kurani kwetu Unguja, na vijana waliokuwa wamekaa pale wakacheka. Hawakumtukana. Mmoja alimwigiza tu, kwa sauti ya kukokota, na mwengine akauliza, huyu Mzinjibari anasoma khutba? Ami Seif akalipa, akageuka, akatembea mpaka nyumbani uso kauangusha kifuani. Tangu siku ile hakwenda tena sokoni. Msikitini alikwenda alfajiri, kabla uso wa mtu haujajulikana.

Na kazi ilikuwepo. Bi Gulnar ndiye aliyeileta. Miaka ile, mwanangu, ukishapigwa mzinga usiku milango ya mji inafungwa, na anayetaka kutembea lazima abebe taa yake mkononi, asiye na taa anakamatwa. Kwa hivyo hapana nyumba isiyokuwa na taa, na hapana taa isiyoingia masizi. Mzee Dadu macho yalikuwa yanamtupa, akataka mtu wa kukaa naye pale chini sokoni, afute vioo, akate tambi, atie mafuta, na baadaye arithi pahala. Bibi alipompelekea mwanawe khabari, Ami Seif alimjibu kwa adabu lakini kwa uchungu: "Mama, mie nikae chini barazani kwa watu nifute masizi? Watu walokuwa wakinipigia makofi wakipita wakaniona?" Bibi hakumjibu. Bibi yangu alikuwa na tabia hiyo, neno lake halitii motoni mpaka aone sufuria iko tayari.

Basi Ijumaa ile tumekaa, kimya, sindano tu ndizo zinazosema. Bi Gulnar kimya kilimshinda. Alikuwa amezoea kwamba mie nikishona nasimulia picha nilizoziona Unguja, na yeye alizipenda kuliko kahawa. Akanambia, Rahma, leo picha iko wapi? Mie nikaona haya, siku ile ilikuwa siku ya kusimulia picha? Lakini bibi, bila ya kuinua macho kwenye kofia yake, akasema, msimulie ile ya mwisho. Ile ya Idi. Ile aliyokuwemo Bwana Mabega kazeeka.

Bwana Mabega alikuwa Mmarekani. Jina lake la kweli Waren Holbeki, lakini sisi wanawake wa zanana jina lile lilikuwa likitukwama kooni, tukamwita kwa mabega yake, maana alikuwa mpana kama mlango wa duka. Picha zake zote za farasi na vumbi na bunduki. Nilipokuwa mtoto yeye ndiye aliyekuwa wa mbele: yeye ndiye mwenye farasi mzuri, yeye ndiye anayemuokoa msichana, na akitokea tu mlango wa baa ukafunguka, wanawake hupiga vigelegele kama bwana harusi kaingia. Mama yangu asikasirike kaburini, lakini na yeye alipiga.

Basi nikamsimulia Bi Gulnar ile ya Idi. Kwamba tulikwenda wote, na bibi naye, ambaye hakuwa mtu wa sinema, alitokea mara moja kwa mwaka kwa ajili ya Idi. Kwamba picha ikaenda, na kijana mwengine tusiyemjua ndiye mwenye farasi, ndiye anayependwa. Tukasubiri Bwana Mabega atokee, hatokei. Mara gari la farasi likafika kwenye kituo nyikani, likasimama mbele ya geti, na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akatoka kwenye kibanda kulifungua. Alikuwa yeye. Mabega yale yale, lakini yameporomoka. Akafungua geti, akawaonesha abiria maji yaliko, akawakamatia farasi mpaka walipokunywa, gari likaondoka, akafunga geti, basi. Hatukumuona tena mpaka taa zikawaka.

Zanana nzima ililia, nikamwambia Bi Gulnar. Mie nililia mpaka ukaya wangu wa kichwani ukarowa. Maskini Bwana Mabega, kawa bawabu. Na bibi, aliyekuwa amekaa kando yangu, alinifinya paja akaniuliza: "Unamlilia nini mtu aliyekuwa kazini?"

Nilipofika hapo, nyuma ya pazia ikatoka sauti. "Hakushika farasi wote," ikasema. "Alishika wawili wa mbele. Wa nyuma walishikwa na mwengine."

Tukatizamana. Sauti ile hatukuwa tumeisikia tangu juzi. Bibi akasema polepole, kama mtu anayemwita kuku asimtishe, "Ehee. Wewe ulikuwa juu, uliona vizuri zaidi. Sisi tulikuwa na vichwa vya watu mbele yetu."

"Niliipitisha picha ile siku nne," akasema Ami Seif.

"Basi tuambie vizuri. Mtoto huyu hajui, alikuwa analia. Huyo mtu ilikuwaje akafika getini?"

Na Ami Seif, mwanangu, ukimuuliza khabari ya picha alikuwa hawezi kujizuia, ni kama kumpa samaki maji. Yale majarida ya sinema yaliyokuwa yakija kutoka Bombay pamoja na masanduku ya picha aliyasoma yote, jioni kabla watu hawajaingia. Akaanza kutuhadithia maisha ya mtu yule kutoka nyuma ya pazia, na mie namgeuzia Bi Gulnar kwa Kiarabu, na bibi akacheka kidogo akasema leo tumepata sinema ya sauti tupu.

Alisema Waren Holbeki alizaliwa nchi ya ng'ombe, joto na ukame, baba yake fundi wa magurudumu. Alikwenda mji wa sinema akitafuta kazi yoyote, akapewa kazi ya kuosha farasi. Miaka akiosha farasi wanaopandwa na wengine. Siku moja bwana aliyekuwa wa mbele akaogopa kurukia mto na farasi, wakamvisha yeye nguo za yule bwana, akaruka yeye. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake: anapigwa picha kwa nyuma. Watu wanaona mgongo, wanadhani ni fulani, kumbe ni yeye. Kwa hivyo sisi, akasema Ami Seif, tulimjua mabega kabla hatujamjua uso, na nyinyi wanawake jina mlilompa mlipatia bila ya kujua. Bi Zamzam akainua macho kidogo hapo. Ilikuwa mara ya mwanzo siku ile.

Kisha akatokea mtu mmoja mwenye kutengeneza picha akasema, mgeuzeni huyu nimuone. Wakamgeuza. Ndipo ikaja ile miaka yake, miaka ya vigelegele. Nyumba kubwa, farasi zake mwenyewe, uso wake kwenye ukuta wa kila sinema mpaka Unguja. Halafu tumbo likatoka, wakaja vijana. Waliokuwa wakimfanyia picha wakamwambia, hatuna tena ya wewe kuwa wa mbele, lakini iko sehemu ndogo, mwenye baa, au baba wa msichana. Akakataa. Akasema, mie simfungulii mlango mtu aliyekuwa akinibebea tandiko. Akaenda nyumbani kwake akakaa.

"Miaka mingapi?" bibi akauliza.

"Mingi. Nilikuwa naletewa masanduku, naangalia kama yumo. Hayumo, mpaka likaja sanduku la picha ile ya geti."

Bi Gulnar, nilipomaliza kumgeuzia hilo, alisimamisha sindano akasema kitu, na mie nikasita kukisema. Bibi akanihimiza, kasema nini? Nikasema: "Anauliza, mtu huyo hakuwa na mama?"

Mama yangu alicheka, akajiziba mdomo. Hata mtoto aliamka. Bibi peke yake hakucheka. Aliweka kofia chini, na hilo bibi yangu alikuwa halifanyi, kofia haiwekwi chini mpaka duara lifungike. Akaligeukia pazia.

"Seif," akasema. "Miaka ile alokaa nyumbani akikataa. Alikuwa nani?"

Akalisogelea.

"Nakuuliza wewe unayejua. Alipokuwa anaosha farasi, alikuwa muosha farasi. Alipogeuzwa, akawa Bwana Mabega. Alipofungua geti, sisi tulimuona, watu wamelia, watu wamemtaja, mpaka leo tuko huku Matrah tunamtaja. Katikati pale, alipokaa nyumbani, alikuwa nani?"

Mie nilikuwa nasikia bahari na nasikia mtoto ananyonya. Kisha Ami Seif akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata sikuigeuza kwa Bi Gulnar, na Bi Gulnar hakuniuliza:

"Hakuwa mtu, mama. Alikuwa haonekani."

"Basi na sie hatukuoni, baba," akasema bibi. "Mkeo hakuoni. Tunasikia kikohozi tu."

Hapo ndipo Bi Zamzam alipolia. Alijifunika kwa ukaya wake, akalia juu ya kichwa cha mtoto, na mama akamchukulia kofia yake akaimalizia yeye. Bibi hakuongeza neno. Nilidhani ataongeza, nilikuwa nasubiri sehemu ya kugomba, maana ndiyo iliyobaki. Hakugomba. Alisema tu, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba yeye siku ya Idi alilitizama lile geti kuliko alivyomtizama yule kijana mwenye farasi mzuri. Kwamba mzee yule alilifungua kama la nyumbani kwake, na wageni wake, na maji yake. Uso kauinua. Akasema, mtu akifungua geti namna ile hapana anayeweza kumwambia kashuka. Kisha akatuuliza nani kampelekea Bi Gulnar kahawa, akatugombeza sisi wasichana wa siku hizi kwa uvivu, na msichana mwenyewe alikuwa mie peke yangu.

Ami Seif hakutoka usiku ule. Chakula chake alisukumiwa chini ya pazia. Tukalala na furushi pale pale mlangoni.

Jumamosi nilipoamka kuteka maji pazia lilikuwa limefunguliwa na mkeka umekunjwa. Mama alidhani bado yuko msikitini. Jua likapanda, hajarudi. Bi Zamzam akamvisha mtoto, akakaa karibu na furushi lake, na kila hatua ikipita nje anainua kichwa.

Aliyekuja alikuwa Khalfan. Mtu mrefu, mkavu, uso wa jua. Alimuamkia bibi kwa heshima, akambusu mkono. Akakaa. Bibi hakumuuliza khabari ya safari wala hakumtaja Seif. Alimpelekea tende na kahawa, na yeye akanywa kikombe kimoja, akakitikisa kuonesha inatosha, kama desturi. Sisi wengine tulikuwa tumesimama. Mie nilijua neno la kwanza litakalomtoka ndilo litakaloamua kama mtoto yule atakua kwetu au Qurayyat.

Akasema, "Nimepitia sokoni, mama."

Bibi akasema, "Ehee."

"Nimemuona. Kakaa chini kwa yule mzee wa taa, mikono myeusi mpaka viwiko." Bi Zamzam alikuwa ameshika pembe ya furushi. "Nikasema nipite upande wa pili, nisimtie aibu. Mtu katika hali kama ile huinamisha uso ukapita, na wewe ukajifanya hukumuona. Yeye kasimama. Kaniita mbele za watu wote wale, kwa Kiarabu chake kile kile: karibu shemegi yangu, kaa, ulete taa yako nikufutie. Vijana wakacheka. Na yeye akacheka nao."

"Na wewe ukafanyaje?" akauliza bibi.

"Nikakaa," akasema Khalfan. "Ningefanyaje? Nikakaa naye chini mpaka alipomaliza." Akatazama furushi, akamtazama dada yake. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kukasirika: "Zamzam, unataka kwenda?"

Bi Zamzam akatikisa kichwa. Akaanza kulifungua furushi pale pale mbele yetu, akatoa nguo ya mtoto, akatoa nyengine, na Khalfan akaomba kikombe cha pili.

Sasa utaniuliza, mwanangu, kisha ikawaje. Ikawa kawaida, ndivyo mambo mema yanavyokuwa. Mzee Dadu alipofumba macho Ami Seif akakaa pahala pake. Kiarabu chake hakikunyooka mpaka anakufa, lakini soko zima likaanza kumuigiza kwa mapenzi, na wateja wakimsalimia kwa khutba kumchekesha. Sinema zilipokuja kufunguliwa Omani baada ya mambo kubadilika, watu wakamwambia Seif, zako hizo zimekuja. Alikwenda na Bi Zamzam, wakakaa chini pamoja na watu wengine, na aliporudi nilimuuliza ilikuwaje. Akasema nzuri, ila picha ilikuwa na giza kidogo. Asubuhi akaenda dukani kwake.

Nakuandikia haya mie ambaye sikusoma ila chuo cha Kurani, kwa sababu naona vijana wetu hapa Mabela, tunakokaa siku hizi, wamesoma mpaka mwisho, wana vyeti ukutani, na wamelala chali nyuma ya milango wakisubiri kazi iliyo sawa na vyeti vyao. Mama zao wananiletea mashaka yao hapa kibarazani. Mie siwacheki. Nilimuona ami yangu, najua maumivu hayo ni ya kweli, na kuchekwa kunauma zaidi kwa mtu aliyewahi kupigiwa makofi.

Lakini nasaha yangu ndiyo hii, na siifichi ndani ya hadithi, naisema wazi. Ukishushwa, shuka, lakini usitoweke. Kazi ndogo haikufanyi mdogo. Kinachokumaliza ni kule kukaa katikati, si huko ulikotoka wala si hapa ulipo, watu wa nyumbani mwako wakisikia kikohozi tu. Chukua geti ulilopewa, ulifungue kama lako. Usimfungulie mtu kwa kinyongo, wala usiinamishe uso akipita anayekujua. Muite wewe kwanza, kwa lugha uliyonayo, hata kama imepinda. Akicheka, cheka naye. Na ukimuona mwenzio yuko chini na masizi mikononi, usipite upande wa pili wa njia kwa kujidai unamstahi. Nenda ukae naye. Na nyinyi mama zao, msiwagombe. Waulizeni swali moja la kweli, kisha mnyamaze, mpeleke kahawa.

Mola akupe riziki ya mkono wako, mwanangu, akupe na mtu wa nyumbani anayesikiliza hatua zako mlangoni, na akuinue uso wako mbele za watu hapa na kesho Akhera. Amin.

Wote niliowataja mwanzo wametangulia, isipokuwa mie na yule mtoto Suleiman, ambaye sasa ni babu wa watu na hakumbuki chochote. Kwa hivyo kama nimekosea pahala, anayejua anisahihishe. Huenda ilikuwa Alkhamisi, si Ijumaa. Huenda Bi Moza mama yangu hakucheka, nimemchekesha mie kwa kumkumbuka. Huenda ndevu za yule Mmarekani zilikuwa za kubandika, hayo mnayajua nyinyi wa sinema. Nitashukuru, nitarekebisha. Ila akitokea mtu akasema kwamba Seif bin Rashid asubuhi ile sokoni aliinamisha uso, huyo asinitumie salamu.